Tangazo la Mtoto Aitwaye Wafula

Baba tulimzika mwezi uliopita huko Misikhu, Jumamosi ya jua kali, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Nilikaa na kalamu mezani kwangu hapa Pioneer, Eldoret, tangu asubuhi, chai ikapoa, nikaipasha moto, ikapoa tena. Wasifu wa marehemu una sentensi zake ambazo kila mtu anazijua: alizaliwa mahali fulani, mwana wa fulani, akafanya kazi fulani kwa bidii. Niliandika, "Mzee Yohana Wafula alizaliwa Misikhu, akiwa kifungua mimba wa Mama Nanjala," nikaweka nukta. Mchungaji aliisoma mbele ya waombolezaji bila kukwama, wakaitikia kwa vichwa, hakuna aliyeuliza kitu. Mbona waulize? Kila marehemu amezaliwa mahali. Lakini sentensi hiyo moja ilinimalizia mwaka mzima wa ujana wangu, na mpaka wiki hiyo ya mazishi nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote mwaka huo kama ulivyokuwa. Nilikuwa nausimulia kwa kuruka, jinsi mtu anavyoruka dimbwi barabarani, akijua mahali pa kukanyaga kwa sababu amepita hapo mara nyingi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuliishi watatu katika chumba cha kupanga kule Huruma, mtaa mwingine wa Eldoret: Baba, Kukhu Selina na mimi. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Selina alikuwa amemlea Baba, na mama yangu alipofariki nikiwa darasa la pili, akanilea na mimi. Chumba kiligawanywa kwa pazia la maua ya manjano yaliyofifia. Baba alilala upande wa mlango, sisi wanawake upande wa jiko. Kuta zilikuwa za mbao, na jirani akipiga chafya tulimwambia afya bila kupandisha sauti. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Vumbi la pamba lilikuwa limeanza kumwingia kifuani, lakini wakati huo tuliita mafua. Akitoka shifti alikula huku amesinzia. Nimemwona mara nyingi tonge la ugali liko mkononi, macho yamefungwa, na Kukhu akimgusa bega: "Yohana, mdomo uko hapa." Naye hufungua macho, hucheka kidogo, na kuendelea kula. Nikifikiria nyumba yetu ya siku zile, hicho kicheko kidogo ndicho ninachokisikia kwanza, kabla hata ya king'ora cha kiwanda.

Januari ya mwaka huo nilipata barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Masomo yangeanza mwezi wa tano, na waliotaka kujiunga walitakiwa waje na kitambulisho. Mimi sikuwa nacho. Nilienda ofisi ya usajili wa watu nikapewa fomu, nikaileta nyumbani, tukaijaza usiku ule juu ya stuli. Jina la baba niliandika, na la Kukhu Selina kama mama yake. Wilaya ya nyumbani niliandika. Halafu ikauliza lokesheni, kijiji na ukoo.

"Andika Kimilili," Baba alisema.

"Kijiji?"

Baba akamgeukia Kukhu aliyekuwa akichambua kunde. "Mama, kijiji ni gani?"

"Kimilili," Kukhu alisema bila kuinua kichwa. "Andika tu Kimilili. Chifu wa huko anajua watu wake."

Nikaandika hivyo, na kwenye ukoo nikapiga mstari. Siku ya kurudisha, karani wa usajili alitazama ule mstari, akanitazama mimi, akasema ofisi itamwandikia chifu wa Kimilili athibitishe. Siku hizo kama unatoka upande wa mpakani walikuchunguza kama mhalifu. Nilingoja wiki tano. Nilienda kila Jumatatu, nikapanga laini, nikaambiwa bado. Jumatatu ya mwisho karani, mwanaume mnene aliyevaa sweta mbili moja juu ya nyingine, alitoa barua kwenye bahasha ya kaki akanisomea hapo hapo dirishani, watu wakisikia.

"Chifu anasema hivi. Selina huyo tunamjua. Aliolewa hapa, na wakati wa wakoloni akaondoka hapa baada ya kuzika mtoto wake wa pekee, Yohana, aliyekuwa wa mwaka mmoja. Hatujui Yohana mwingine." Akaiweka barua chini, akavua miwani. "Sasa, kulingana na hii barua, babako alizikwa akiwa na mwaka mmoja. Wewe umetoka wapi?"

Laini nzima ikacheka. Na mimi nikacheka nao, maana mtu akiaibishwa mbele ya watu hucheka ili asionekane ameumia. Kisha nikamwomba anipe ile barua, akanipa, nikaikunja ndogo na kuitia ndani ya soksi. Jioni tulikula kunde na ugali wa wimbi. Nilimtazama Kukhu akitenga sehemu ya Baba kando kama kawaida, nikamtazama Baba akisinzia, nikajaribu kufikiri kwamba labda kuna Selina wawili duniani.

"Barua ya chifu imefika?" Baba aliuliza.

"Bado," nikasema.

Huo ndio uongo wa kwanza. Nauandika hapa kwa sababu ulikuwa mwepesi sana, na yaliyofuata yaliegemea juu yake.

Nilienda kwanza kanisani, kwa sababu nilijua Baba alibatizwa hapa mjini. Katibu wa parokia alinipa rejista ya zamani, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia, akanionya nisilambe kidole. Nilimpata Baba ukurasa wa tatu kutoka mwisho, kwa mwandiko wa wino wa buluu uliogeuka kahawia: "Yohana. Mtoto wa kulelewa wa Selina. Umri yapata miaka mitatu. Aliletwa kutoka mashamba ya Turbo. Mama mzazi mgonjwa hospitalini." Nilisoma mara nne. Katibu aliniuliza kama nataka maji. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na kitu nilichohisi hakikuwa mshangao hata kidogo. Kilikuwa uchovu, kama wa mtu aliyebebeshwa gunia katikati ya safari na hajui bado maili ngapi zimebaki.

Aliyenielekeza kwenye magazeti ni Mzee Ndirangu. Alikuwa karani wa stoo ya kumbukumbu nyuma ya ofisi za manispaa, Mkikuyu mwembamba aliyeletwa Eldoret na wazazi wake akiwa mtoto mgongoni, na hakupenda watu. Nilikuwa nimeenda kuuliza kama kuna orodha za wafanyakazi wa mashamba ya wazungu. Hakuwa nazo.

"Zilichomwa," alisema. "Wazungu walichoma vitu mingi wakienda. Unatafuta nini hasa? Usinizungushe."

Nikamwonyesha nilichonakili kanisani. Alisoma akikuna shingo.

"Huyu mama mgonjwa. Alikufa?"

"Sijui."

"Kama hakufa, alitafuta mtoto. Na kama alitafuta mtoto, kuna mtu aliweka tangazo. Siku hizo gazeti la Kiswahili lilikuwa na sehemu ya waliopotea. Iko hapo." Akanyoosha kidole kwenye rafu za mwisho, gizani. "Lakini hakuna faharasa. Utafungua moja moja. Na usije hapa na mafuta kwa mikono."

Nilifungua moja moja kwa wiki tatu na nusu. Stoo ile ilikuwa na dirisha moja, meza moja iliyolegea miguu, na harufu ya gundi, panya na karatasi iliyokula unyevu. Vidole vyangu vya gumba vilikuwa vyeusi hata baada ya kuoga. Nilijifunza kutosoma kila kitu, maana kila kitu kilitaka kusomwa: bei ya mahindi, sabuni iliyosifiwa na mwanamke mwenye meno mengi, mwalimu aliyeumwa na nyoka akiwa darasani. Sehemu ya waliopotea ilikuwa chini kushoto, herufi ndogo. Walikuwa wengi. Waume waliotoka kwenda kutafuta kazi, wazee waliopotea njiani, msichana aliyeshuka garimoshi stesheni isiyo yake. Mchana Mzee Ndirangu alifungua chupa yake ya chai na kipande cha nduma baridi, akakivunja katikati, nusu akaisukuma upande wangu bila kusema karibu. Tulikula hivyo siku nyingi. Mara moja aliniuliza, "Huyo nyanyako ni mtu mzuri?" Nikasema ndiyo. Akatafuna kwa muda mrefu. "Basi hii kazi itakuwa mbaya," akasema.

Tangazo nililipata wiki ya pili ya mwezi wa nne. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na bati lilipiga kelele mpaka sikusikia sauti yangu mwenyewe nilipoita. Limo kichwani mwangu mpaka leo, neno kwa neno:

"ANATAFUTWA mtoto wa kiume aitwaye Wafula, umri miaka mitatu, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto toka kiwiko hadi kiganja. Aliachwa kwa mwanamke jirani katika shamba moja karibu na Turbo, mama yake alipopelekwa hospitali. Mwanamke huyo amehama na hajulikani aliko. Mwenye habari amwandikie mwalimu wa kanisa, Misikhu, kwa niaba ya mama yake Nanjala, ambaye amepona."

Lile kovu nililijua. Wakati wa baridi lilikuwa likikakamaa, na mimi ndiye niliyempaka Baba mafuta ya nazi tangu nikiwa mtoto. Lakini si kovu lililonitoa machozi. Ni yale maneno mawili ya mwisho. Mtu aliyeandika tangazo lile alikuwa amelipia nafasi ndogo, akabana kila kitu, na bado akaona ni lazima aseme kwamba mama amepona.

Mzee Ndirangu alisoma. "Siwezi kukupa gazeti. Nakili kwa mkono, nitaweka muhuri." Nikanakili. Aligonga muhuri wake, akapuliza wino ukauke, akanipa. "Peleka kwa karani wako kesho asubuhi," alisema. "Usikae nayo. Karatasi kama hii ukikaa nayo, inakaa na wewe."

Sikupeleka kwa karani. Nilienda nyumbani. Baba alikuwa kazini. Kukhu Selina alikuwa ameketi mlangoni akipepeta maharagwe kwenye ungo, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekivua kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Nilichuchumaa mbele yake nikasoma tangazo kutoka mwanzo. Hakuuliza ni nini. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Hiyo ndiyo. Yule aliyenisomea alisoma hivyo hivyo." Akaweka ungo chini. "Alikuwa kijana wa posta. Nilimwambia asome mara mbili. Halafu nikamwambia nipe hiyo gazeti nifungie sukari, akanipa, nikaitia kwa moto."

Nilimwuliza kwa nini. Nilidhani ningepiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Nasimiyu, mimi nilikuwa nimezika mmoja. Bwana akanifukuza ati nimemroga mtoto wangu mwenyewe. Nikaja kwa mashamba. Nanjala alikuwa jirani yangu kwa laini ya nyumba za wafanyakazi, akashikwa na homa, wakamchukua na lori ya mzungu kama mtu amekufa. Akaniachia mtoto. Mwezi ukaisha. Wa pili ukaisha. Wengine walisema amekufa. Mzungu akauza shamba, tukafukuzwa wote, ningemwacha wapi? Nikaja naye huku. Nikampa jina la wangu. Sikuiba." Akatoa kokoto kwenye ungo. "Siku ile ya gazeti ndio niliiba."

Watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba nje, wakihesabu kwa Kiingereza, wakikosea hapo hapo kila mara. Kukhu alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa na vumbi la maharagwe.

"Nitamwambia mwenyewe. Lakini si sasa. Ngoja mahindi yangu ya kando ya reli ikomae, nivune, nimpikie mahindi ya shamba langu, halafu nitamwambia. Nikimwambia sasa nitakufa na njaa ya kumtazama. Nipe hiyo miezi, mama. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Nikasema sawa.

Nimekuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kujiuliza kwa nini nilisema sawa. Nilimpenda, hiyo ni sababu ya kweli. Nilimwogopa Baba, sababu nyingine. Lakini nikisema ukweli wote, nilikuwa nimechoka pia. Nilikuwa nimetafuta wiki nyingi, nimepata, na mtu mzima aliyenilea alikuwa amejitolea kubeba sehemu iliyobaki. Nilimwachia kama mtu anavyoweka mzigo chini bila kutazama ameuweka wapi. Na Misikhu ilikuwa jina tu kwenye karatasi. Sikumwona mwanamke yeyote huko. Sikufikiri kwamba huko nako kuna mtu ana miezi yake.

Mwezi wa tano ukafika ukapita, chuo kikafungua bila mimi. Nilimwambia Baba kwamba chifu wa Kimilili amesema hatujulikani, na kwamba nimetafuta nikakosa. Hiyo jioni hakusinzia. Aliweka sahani chini, akasema, "Pole, mama. Ni mimi. Ni mimi sina kwetu, nimekuzaa bila kwetu." Kukhu alikuwa nyuma ya pazia. Nilianza kufanya kibarua cha kuchapa barua kwenye duka la jirani, na kila siku nilipita mbele ya ofisi ya usajili nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Julai ilikuja na baridi ile ya Eldoret inayoingia kwenye mifupa ikakaa. Kifua cha Baba kilikataa. Daktari wa kiwanda alimpa mapumziko ya wiki mbili, na Baba, ambaye hakuwa anajua kupumzika, alikaa siku nzima kwenye kiti nje ya mlango akiwa na blanketi, akiongea na jirani yetu fundi wa viatu. Sisi tulikuwa ndani tukipika, na ukuta, kama nilivyosema, ulikuwa mbao.

"Nyinyi mko na bahati," tulimsikia akimwambia fundi. "Ukikufa watakubeba Vihiga, utalala karibu na watu yako. Mimi wataniweka makaburi ya manispaa, kati ya watu hawajuani. Huyu msichana wangu akiolewa, akiulizwa kwenu ni wapi, ataonyesha nini? Namba ya kaburi?"

Fundi alisema kitu cha kumfariji, kisha wote wawili wakacheka bila furaha. Kukhu alikuwa akisonga ugali. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria, na ugali ukaanza kuungua chini, mpaka nikamnyang'anya mwiko. Hakunitazama. Lakini Agosti ilipita na hakusema kitu. Mahindi yake, ile mistari michache kando ya reli, yalikuwa bado mabichi. Nilikuwa nayapitia nikienda kazini na kuyachukia jinsi yalivyokuwa yanakua polepole.

Alisema Jumapili ya mwisho ya Septemba, kabla hata ya kuvuna. Alichinja kuku wetu wa pekee, akampa Baba filigisi kama inavyostahili, akangoja ameitafuna.

"Yohana," alisema, "wewe si Yohana. Yohana nilimzika Kimilili. Wewe ni Wafula, mama yako anaitwa Nanjala wa Misikhu, na alikutafuta, na mimi nilijua anakutafuta." Akaeleza yote, hata moto, hata sukari. Hakulia. Aliongea akitazama mchuzi.

Baba aliniangalia mimi. "Wewe umejua hii maneno?"

Nilifungua mdomo. Kukhu alinitangulia. "Nimemwambia jana. Yeye ameenda tu akanakili gazeti nikimwelekeza. Usimuulize mtoto."

Na mimi nikafunga mdomo. Alinikinga, mzee yule, kwa uongo wake wa mwisho, nami nikakubali kukingwa. Baba alimaliza kipande cha kuku kilichokuwa mkononi, akanawa, akavaa koti, akaenda kiwandani, ingawa ilikuwa Jumapili na hakuwa na shifti. Walinzi waliniambia baadaye kwamba alikaa kwenye benchi la lango mpaka jioni.

Alhamisi tulienda Misikhu, yeye na mimi. Alivaa suti aliyooa nayo. Kanisani tulimpata mwana wa yule mwalimu, naye sasa mwalimu, na tulipotaja Nanjala alitutazama vibaya kidogo, akatupeleka mwenyewe kwa miguu. Boma lilikuwa na nyumba ya udongo iliyopakwa vizuri, na kando yake, chini ya uzio wa michongoma, lundo la udongo mwekundu lenye maua ya karatasi yaliyonyeshewa mvua. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alitoka akiwa na mtungi. Alikuwa Nelima, binti wa Nanjala aliyezaliwa baada ya Baba kupotea. Alisimama akamtazama Baba usoni, kisha akateremsha macho mkononi.

"Kunja shati," alisema.

Baba akakunja mkono wa shati. Nelima aliweka mtungi chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Wiki sita," alisema. "Tumemzika wiki sita zimepita. Kila mtu wa hapa akienda Eldoret, Mama alimwambia aangalie mikono ya wanaume. Watu walimcheka. Hakuacha."

Baba aliomba kiti. Akaletewa, akakiweka kando ya ule udongo, akakaa hapo na suti yake mpaka chai ikaiva, na alipoletewa chai akainywa hapo hapo. Mimi nilibaki jikoni na Nelima nikimsaidia kuchochea kuni, na kichwani nilikuwa nikihesabu. Wiki sita. Toka ile siku ya mvua mpaka siku ya kuzikwa kwake ilikuwa miezi minne. Miezi minne Nanjala alikuwa hai, nami nilikuwa na jina lake na mahali pake kwenye karatasi yenye muhuri, ndani ya Biblia yangu.

Chifu wa Misikhu aliniwekea sahihi bila swali, na kitambulisho kikatoka Desemba. Chuo hakikunichukua tena. Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kutunza faili za wagonjwa katika hospitali moja hapa mjini, na huko ndiko nilikozeekea. Watu walikuja dirishani kwangu wakitafuta karatasi: mama aliyejifungua mwaka fulani, kaka aliyefia wodini bila ndugu kujua. Wenzangu waliwaambia njoo kesho. Mimi niliingia stoo nikatafuta mpaka nikapata, nikawapa siku ile ile, hata kama ilibidi nichelewe kwenda nyumbani. Walidhani nina roho nzuri.

Baba hakumfukuza Kukhu Selina. Alimlisha, akampeleka hospitali, akamnunulia blanketi mpya kila baridi. Ila hakumwita tena Mama. Alianza kumwita Kukhu, kama mimi. Yeye aliitikia. Aliishi miaka minne hivyo, akiitwa nyanya na mtoto aliyemnywesha uji, na alipofariki tulimzika makaburi ya manispaa. Baba alichukua sepetu kwa vijana akafukia mwenyewe mpaka mwisho, akikohoa, akikataa kupokezwa.

Sasa nirudi mwezi uliopita. Tulipokuwa tumemshusha Baba kando ya mama yake, Senge Nelima, ndivyo tunavyomwita shangazi, alisimama kwa fimbo yake. Ana miaka kama sabini sasa. Alinishika mkono mbele ya watu wote. "Huyu ndiye alimleta ndugu yangu nyumbani," alisema. "Msichana mdogo, hana hata kitambulisho, akafungua magazeti ya wazungu mpaka akatuona. Kama si huyu, leo tungekuwa tunazika nani?" Watu wakapiga makofi. Watoto wake, binamu zangu watano wenye watoto wao, wakanishangilia kama bibi harusi. Nilitaka ardhi ile iliyofunguliwa inichukue na mimi.

Asubuhi ya kesho yake tuliamka mapema kuosha vyombo vya mazishi. Masufuria yalikuwa makubwa, meusi, yamejaa ugali ulioshika. Tulikuwa sisi wawili tu nyuma ya nyumba, umande bado kwenye nyasi. Nilisugua moja mpaka nikalimaliza, kisha nikasema bila kumtazama, "Senge, ile karatasi niliipata mwezi wa nne."

Alikuwa anasuuza. Aliendelea kusuuza.

"Mwezi wa nne," alisema.

"Kabla mvua haijakolea. Kukhu Selina aliniomba ningoje, nikangoja. Baba hakuwahi kujua. Alikufa akidhani niliipata ile wiki tuliyokuja."

Senge alikaa kwenye stuli. Alikunja kidole cha kwanza, akakunja cha pili. "Mwezi wa tano alikuwa bado anapalilia," alisema. "Wa sita alienda Webuye kwa miguu yake, akanunua khanga." Akakunja cha tatu, akakiangalia. Nilisikia ndani mtu akikuna majivu jikoni, na mjukuu mmoja akilia kwa sababu hakuamshwa mapema. Uso wake ulikuwa umechoka tu. Nilikuwa nimengoja hasira miaka yote, na sikujua nifanye nini na kile nilichopewa badala yake.

"Sasa sikia," alisema mwishowe. "Hii maneno iishie hapa, mimi na wewe. Hawa watoto wangu wanakupenda. Wakijua, itaharibika. Ngoja hata mimi nife, halafu ukitaka utawaambia."

Alisema kwa upole, kwa nia njema, na aliweka mkono wake wenye maji juu ya goti langu. Nilitazama ule mkono. Niliona jinsi ingekuwa rahisi. Ningesema sawa, tungesuuza yaliyobaki, ningerudi Eldoret na sifa zangu.

"Hapana, Senge," nikasema. "Nimechoka."

Aliniangalia sana. Kisha akauondoa mkono, akaufuta kwenye leso, akageuza uso kwenye mlango wa jikoni. Nilidhani anakataa kunitazama. Lakini alikuwa anaita. Aliita jina la mkubwa, kisha la anayemfuata, mpaka wote watano, kwa sauti ile ya kuitia watoto chakula. Wakatoka mmoja mmoja wakiwa na vikombe vya chai mikononi, wanaume wenye mvi tayari na wanawake wenye watoto mgongoni, wakauliza kuna nini. Senge aliniachia stuli yake, yeye akasimama kando yangu akiegemea fimbo. Walikaa kwenye nyasi, kwenye magogo, kwenye masufuria yaliyogeuzwa. Nilifuta mikono, nikaanza na mwezi wa nne.